Kaka Anashindwa Kuingia Sebuleni

Kwanza tuelewane: mimi si mtu wa hasira. Huwa nachokozwa tu. Kaka yangu ndiye aliyenibandika jina la Pilipili tukiwa wadogo, likanasa, na mpaka leo hata Shangazi, mtu mzima mwenye wajukuu, akinipigia simu haanzi na salamu, anaanza na "Wee Pilipili". Sasa Jumamosi ile walinichokoza kwa pamoja, watu na mashine, na sikubali kulaumiwa kwa maneno yaliyonitoka.

Mambo yalianza na simu ya Kaka. Nilikuwa nimesimama jikoni nakunywa chai harakaharaka, roho juu, maana siku hiyo nilikuwa nimeingoja kwa hamu kuliko siku ya harusi yangu mwenyewe.

"Pilipili," akasema, sauti imepoa. "Basi. Nimeelewa. Mwambie Mzee sina kinyongo."

"Umeelewa nini? Mbona hujaingia? Baba ameshika simu tangu alfajiri."

"Nimejaribu na kujaribu. Imeniandikia kwa rangi nyekundu: Huruhusiwi kuingia humu."

Chai ikanipalia. Maneno hayo niliyaandika mimi.

Ngoja nieleze, maana bila hivyo mtaniona mwendawazimu. Sisi tuna mahali petu pa kuchati, familia peke yake, tunapaita Sebuleni. Kazi yangu ni kutunza kompyuta za watu maofisini, kwa hiyo nilichukua kompyuta kuukuu, nikaifanya seva ya kuiendesha Sebuleni, nikaiweka karakana kwa Baba kwa sababu ndicho chumba pekee nyumbani ambacho umeme hauchezichezi. Huko nyuma tulikuwa tunachati kwenye mitandao ya watu wote, mpaka tapeli mmoja akaiba akaunti ya Shangazi, akajifanya yeye, akaanza kuwaombaomba ndugu msaada wa matibabu. Shangazi aliaibika mpaka akashindwa kutoka nje. Ndipo nikaijenga Sebuleni na nikaifunga makufuli mawili: kwanza neno lako la siri, halafu namba sita ambazo simu yako inazitunga na kuzibadilisha kila nusu dakika. Ukikosea kufuli lolote kati ya hayo, unakutana na maneno makubwa mekundu, na makusudi sikutaja kosa liko wapi, ili mwizi asijue. Niliyaandika nikiwa nimemkasirikia tapeli. Sasa yamekwenda kumpiga usoni ndugu yangu wa tumbo moja, tena siku hiyo!

Nasema siku hiyo kwa sababu Kaka na Baba walikuwa hawajasemezana kwa miaka.

Baba ni fundi saa. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, kina dirisha la kuhudumia wateja linalotazama mtaani, na kuta zake zimejaa saa kuanzia kimo cha meza hadi darini. Kuna jambo moja la kujua kuhusu Baba: kwake yeye, mshale lazima uelekee kwenye namba unayoitaja. Watu wengi wamezoea saa ionyeshe tisa huku mdomo unasema saa tatu asubuhi, na hawaoni ajabu. Baba anaona huo ni uongo wa kutundika ukutani. Kwenye saa zake zote, ikiwa ni saa tatu, mshale mfupi uko kwenye tatu, basi. Mteja akileta saa, hata kabla ya kuulizwa inaumwa nini, anaulizwa, "Ya kwetu au ya kizungu?" Akijibu ya kizungu Baba anaitengeneza vizuri tu, ila kwa uso wa mpishi aliyeombwa asitie chumvi.

Kaka ndiye alikuwa arithi meza ya kazi ya Baba, na tayari alikuwa na kiti cha pili pale, pembeni yake. Ana mikono mitulivu, tofauti na mimi. Siku moja mtu wa ofisi ya ndege alileta saa kubwa ya ukutani Baba akiwa ametoka. Kaka akamuuliza lile swali, mtu akajibu ya kizungu, maana ndege zao zinaruka kwa hesabu hiyo. Kaka akaitengeneza, akaiweka hivyo. Mwenyewe aliporudi kuichukua, Baba yupo. Baba akaiona saa, hakuuliza mtu, akaizungusha mishale palepale mbele ya mteja, akamwambia mwanawe, "Asiyejua saa hana nafasi humu." Kesho yake mtu wa ndege alirudi anafoka mpaka mtaa mzima ukatoka nje, lakini Kaka hakuwepo kuona. Aliondoka jioni ileile na begi moja, akaenda kuchomelea vyuma kwenye mabwawa na mahandaki huko, na hakukanyaga tena kwetu. Baba alimngoja aombe radhi. Kaka alimngoja Baba aombe radhi. Wanaume wa kwetu kwa kununa hawajambo!

Halafu kiharusi kikampiga Baba. Kikamwachia mikono, kikamwachia akili zake na ubishi wake wote, kikachukua sauti. Tangu hapo anaongea kwa kuandika Sebuleni, kwa kidole kimoja, maneno machache, nukta mwishoni. Ukimuuliza kama ameshiba anaandika: "Ndiyo." Na siku moja, yeye na Mama wamekaa chumba kimoja, kiti kwa kiti, akamwandikia: "Mwanao wa kwanza ana simu ya kuandikia." Hata alama ya kuuliza hakuweka. Mama akalia, akajifuta, akaja mbio kunitingisha bega. "Mtafute kaka yako. Leo hii. Kabla huyu mtu hajaghairi."

Nikamtafuta. Kaka naye akasema atajaribu. Tukakubaliana Jumamosi saa tatu, kwa sababu saa sita mchana basi la kampuni linawachukua kuwapeleka kwenye handaki jipya, na kule ndani ya mlima hakuna mtandao mpaka zamu iishe, na zamu zao ndefu. Nikamfungulia akaunti. Ijumaa mchana nikaijaribu kwa simu yangu ya zamani, ikafunguka vizuri, nikalala usingizi wa mtu mwenye dhamiri safi.

Na sasa ananiambia hana kinyongo! Nikaweka kikombe chini.

"Kaka, nisikilize. Hayo maneno si ya Baba. Ni mashine. Usiende popote."

"Mashine ni yako, Pilipili. Anayeambiwa aingie na asiyeambiwa, si wewe unaamua?"

"Mimi naamua uingie! Kaa hapo hapo!"

Nikatoka jikoni. Kwenye njia ya kwenda karakana lazima upite sebuleni, sebule ya kweli, na huko nikamkuta Baba. Jamani. Alikuwa amevaa shati lake jeupe, lile la kwendea shughuli, amenyolewa, amekaa wima kama anapigwa picha, simu magotini. Mama amekaa pembeni yake, naye ana simu yake. Baba akaniangalia mara moja, akaangalia simu, akaangalia pembeni. Nilijua anafikiri nini. Alikuwa anafikiri mwanawe ameghairi. Huyu ndani anadhani amesuswa, yule nje anadhani amefukuzwa, na katikati yao kuna mimi na kompyuta yangu.

"Anakuja, Baba," nikasema. "Kuna kufuli kidogo linasumbua."

Karakana ilikuwa imefagiliwa, vitu vimepangwa, hata vioo vya saa vimefutwa vumbi. Nikaketi mbele ya kompyuta, nikafungua mahali inapoandika matukio yake. Pale mistari ilikuwa imepangana: Kaka amekuja, neno la siri sahihi, namba sita si sahihi. Amekuja tena, neno la siri sahihi, namba si sahihi. Nikafurahi kidogo, maana angalau sasa nilijua kufuli gani linagoma.

"Kaka, unaandika namba kwa kusinzia. Zinabadilika, unajua?"

"Mimi nachomelea vyuma juu ya jukwaa, sisinzii. Naziandika zikiwa mpya kabisa."

Nikamfutia zile namba, nikamtumia picha mpya ya kupiga skani ili simu yake ianze upya kuzitunga. Akapiga skani. Akajaribu.

"Huruhusiwi kuingia humu," akasoma, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu.

"Potelea mbali na hayo maneno! Simu yako ni mbovu, hiyo ndiyo shida." Na hapo nikakumbuka jambo ambalo fundi yeyote wa kazi yangu analijua: zile namba sita zinatungwa kwa kufuata saa. Saa ya simu na saa ya seva zisipolingana, namba hazilingani, hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Nikajiona mjanja. "Hebu niambie, simu yako inasema saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika ishirini na mbili."

Nikaangalia kona ya chini ya kioo cha kompyuta. Tatu na ishirini na mbili. Nikainua macho ukutani, saa za Baba zote, mishale kwenye tatu na kitu. Sawasawa kabisa, hata dakika.

"Saa haina tatizo," nikasema, na nikaenda kutafuta tatizo kwingine, na huko kwingine nikapoteza asubuhi nzima. Mungu anisaidie.

Nikazima seva, nikaiwasha. Nikabadilisha neno lake la siri. Nikafungua akaunti nyingine mpya kabisa. Kila mara Kaka anajaribu, kila mara anasoma yale maneno mekundu, na kila akiyasoma sauti yake inazidi kwenda mbali. Mwishowe akasema, "Pilipili, mdogo wangu, acha. Nina kazi ya kupanga mizigo. Labda Mzee hakuwa tayari, na mashine imemstahi tu."

"Mashine haimstahi mtu!" nikafoka. Akakata simu, kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma.

Nikapiga meza. Saa ndogo zikarukaruka. Kisha nikapata wazo la kujipima mwenyewe: nitoke Sebuleni kwa simu yangu, niingie upya, nione mlango unafanya nini. Nikatoka. Nikaandika neno la siri, nikaandika namba sita.

HURUHUSIWI KUINGIA HUMU.

Loo! Nikacheka kwa hasira. Nimefukuzwa kwenye nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu, tena kwa matusi yangu mwenyewe. Lakini angalau ilikuwa habari njema: ugonjwa haukuwa wa Kaka. Mlango ulikuwa unamkataa kila mtu. Waliokuwa ndani walikuwa salama kwa sababu tu hawakuwa wametoka; makufuli yangu yanamkagua anayeingia, aliyekwisha kaa haguswi.

Nikampigia Shangazi. "Shangazi, uko Sebuleni?"

"Niko, nawasubiri. Mbona kimya? Huyo mtoto amekuja au nimevaa miwani bure?"

"Kuna shida ya mlango. Usitoke, tafadhali. Ukitoka huwezi kurudi."

"Siwezi kurudi kivipi? Mimi?"

"Shangazi, usiguse kitu."

"Ngoja nijaribu." Nikasikia vidole vyake. "Nimetoka. Sasa narudi. Naandika… Wee Pilipili! Eti siruhusiwi? Nani kaandika upuuzi huu? Mimi niliyembeba baba yako mgongoni?"

"Nilikwambia usiguse!"

"Ulisema nisitoke, hukusema kwa nini. Nifungulie!"

Nilikuwa sina mbavu wala machozi, sijui nicheke au nilie. Kaka nje, mimi nje, Shangazi nje anatishia kuja na fimbo. Ndani wamebaki Baba na Mama tu. Na saa sita ilikuwa inanyemelea. Nilimwona Kaka kichwani mwangu akiinua begi, akipanda basi, akiingia kwenye mlima akiamini baba yake amemfungia mlango mara ya pili. Mara ya kwanza ilimchukua miaka. Mara ya pili asingerudi. Na Baba, mwenye kiharusi, hana miaka mingine ya kununa. Nikaogopa. Nasema wazi, niliogopa.

Hapo Mama akaingia karakana na simu yake, amekunja uso.

"Mwanangu, sitaki kukusumbua, naona unafuka moshi. Lakini hii simu yangu imechanganyikiwa."

"Mama, si sasa."

"Baba yako ameandika sasa hivi, nimemwona kwa macho yangu akiandika. Ameandika 'Mko wapi.' Simu inasema ujumbe huu ni wa saa sita zilizopita. Saa sita zilizopita baba yako alikuwa anakoroma, nilikuwa naye."

Nikachukua simu. Ni kweli. Mko wapi. Chini yake, kwa maandishi madogo, imetumwa saa sita zilizopita.

Nikatazama kona ya kompyuta. Tano na dakika tano. Nikatazama simu ya Mama, siyo kwa mdomo, kwa macho. Kumi na moja na dakika tano.

Mdomo wangu unasoma zote mbili "saa tano na dakika tano". Nimekulia chini ya saa za Baba. Ndani ya chumba kile, mshale ukiwa kwenye tano, ni saa tano, mjadala umefungwa. Asubuhi nzima nimekaa mbele ya kompyuta iliyobaki nyuma kwa saa sita, nimeikagua, nimeilinganisha na ukuta, nikaipa cheti cha afya. Mtu wa mtaani asiyejua chochote cha kompyuta angeliona kosa kabla ya kuketi. Mtoto wa fundi saa hakuliona.

Na kompyuta haiwezi kujikosea hivyo kwa bahati mbaya, saa sita kamili, dakika zote sahihi. Nikageuka polepole, nikatazama ile karakana iliyofagiliwa, vioo vilivyofutwa.

"Mama, nani alifanya usafi humu jana?"

"Baba yako. Jioni nzima. Alisema, aliandika, mgeni anakuja."

Nikamrudishia Mama simu, nikaenda sebuleni, naye nyuma yangu. Naapa nilikwenda nikiwa nimejaa maneno ya kutosha mtaa mzima. Baba alikuwa palepale, shati jeupe, simu magotini, akisubiri mtu ajibu swali lake. Mko wapi. Peke yake kwenye chumba ambacho kila mtu alikuwa nje anagonga.

Maneno yote yakaniishia. Nikachuchumaa mbele yake.

"Baba, jana uligusa saa ya kompyuta?"

Akaitikia kwa kichwa, bila wasiwasi wowote. Akaandika, nikasubiri kidole chake kimoja. Mama akanisomea kwenye simu yake: "Ilikuwa na kosa. Nimeirekebisha. Sitaki akute saa mbaya."

Mama akashika mdomo. Mimi nilishusha pumzi, nikamshika mkono.

"Baba, ile kompyuta inaongea na simu za watu, na hizo zote zinahesabu kwa kizungu. Kaka amekuja. Amekuja tangu saa tatu kamili, hakuchelewa hata kidogo. Amebisha hodi asubuhi nzima. Lakini kwa saa uliyoiweka, kompyuta inadhani bado ni usiku, inaziona namba zake si za wakati huo. Imemkataa kila mara. Imetukataa sote. Na saa sita anapanda basi."

Nilitazama yale maneno yakimwingia. Baba si mtu wa kubadilika uso, lakini rangi ilimtoka. Alinitazama, akatazama mlango wa karakana, na nilijua hafikirii kompyuta. Alikuwa anaiona ile saa ya mtu wa ndege, mishale anaizungusha yeye, na mwanawe amesimama.

Akainuka. Hainuki haraka siku hizi, nikamshika kiwiko, akaniondoa mkono. Akaingia karakana, akaketi kwenye kiti changu. Ningeweza kuirudisha ile saa kwa kubonyeza mara mbili, na muda ulikuwa unatukimbia, lakini Mama alinibana mkono nikatulia. Baba akapafungua mwenyewe mahali pa kupangia saa, akakiona kile kiboksi alichokuwa amekiondoa alama jana yake, kinachoiruhusu kompyuta ijichukulie saa mtandaoni. Akakaa nacho kidogo. Kisha akakibonyeza.

Namba kwenye kona zikaruka kutoka tano hadi kumi na moja. Baba akakunja uso kama ameng'olewa jino, lakini mkono hakuurudisha.

Nikajaribu simu yangu. Neno la siri, namba sita. Sebuleni ikafunguka, na "Mko wapi" ya Baba ikanipokea.

"Imefunguka!" Nikapiga kelele hata mteja aliyekuwa dirishani akakimbia.

Nikampigia Kaka. Haipokelewi. Nikapiga tena. Haipokelewi. Nikampigia Shangazi, nikamwambia kwa pumzi moja, "Mlango umepona, Kaka hapokei, basi linaondoka."

"Hapokei?" akasema Shangazi. "Ngoja."

Hakuna mtoto wa ukoo wetu aliyewahi kuthubutu kutopokea simu ya Shangazi. Sijui alimwambia nini. Ninachojua ni kwamba sikumaliza hata kujikuna, simu yangu ikalia, na nyuma ya sauti ya Kaka nikasikia injini na watu wanagombania viti.

"Shangazi anasema nisipokupigia atanifuata mpaka ndani ya mlima," akasema. "Nini tena, Pilipili?"

"Jaribu kuingia."

"Nimejaribu vya kutosha."

"Kaka. Baba alirekebisha saa ya kompyuta."

Injini ya basi ikanguruma.

"Ya kwetu au ya kizungu?" akauliza polepole.

"Ya kwetu."

Kwanza nilidhani analia. Kisha nikajua ni kicheko, kile kicheko chake cha zamani cha tumboni ambacho nilikuwa nimekisahau, kinaanza kidogo kidogo halafu kinamvunja mbavu. Alicheka mpaka nikasikia mtu ndani ya basi akimuuliza kama yuko sawa. "Mzee!" akasema. "Mzee wangu yuleyule! Bila shaka alisafisha na karakana?"

"Na shati jeupe amevaa."

Kicheko kikakatika. Sikumharakisha, mimi, Pilipili. Nisifiwe kwa hilo. Nikasikia anapenga kamasi. Kisha simu ikakatwa, na kwenye kioo cha mkononi mwa Baba kukatokea mstari mmoja mdogo: Kaka ameingia.

Tulikuwa tumesimama nyuma ya kiti chake, mimi na Mama, kila mmoja bega moja. Kaka akaandika: "Hodi Baba."

Baba akatazama maneno yale. Kidole kikaenda juu ya herufi, kikasimama. Mimi nilikuwa naomba tu asiandike "Ndiyo." Akaanza kuandika, herufi moja, nyingine, akafuta, akaanza tena. Mlio wa saa zote zile ukutani ulikuwa unanipanda kichwani. Mwishowe akaituma.

"Karibu. Ile saa ya mtu wa ndege. Uliiweka sawa. Mimi ndiye nilikosea."

Mama alilia waziwazi. Mimi nilikuwa na vumbi jichoni, karakana ile ina vumbi hata ikifagiliwa. Kule kwenye basi Kaka akaanza kuandika, tukaona alama ya kuandika, ikazimika, ikawaka, ikazimika. Shangazi akaingia hapo katikati, "NIMERUDI NANI ALINIFUNGIA", na hakuna aliyemjibu.

Halafu ya Kaka ikaja. "Nilichelewa kurudi Baba. Nisamehe na mimi. Zamu ikiisha nakuja nyumbani. Nitafika saa tatu."

Baba akaisoma. Akaisoma tena, midomo inachezacheza bila sauti. Kisha bega lake likaanza kutikisika chini ya mkono wangu, nikashtuka, nikadhani ugonjwa umerudi. Nikainama kumtazama usoni. Alikuwa anacheka, kimyakimya, meno yote nje, huku kidole kinatafuta herufi moja moja.

"Ya kwetu au ya kizungu."

Basi lilikuwa limeshaanza kupanda mlima, na mtandao wa huko unakuja na kuondoka, kwa hiyo tulingoja. Tulingoja sote watatu. Kisha jibu likaingia, na Baba akainua simu juu ili mimi na Mama tusome vizuri.

"Ya kwetu."

Baba akaiweka simu mezani, akavuta kiti karibu na meza yake ya kazi, akamwashiria Mama atoe chupa na vikombe vilivyokuwa vimepangwa kwenye kile kiti cha pili.